Kombi ya kulala ya mwaka 1988 inaliwa na kutu hapa Tanga, nianzie wapi?

Kombi_Raskazone

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo kabla sijatoa hela maana hapa nilipo kila fundi ana lake.

Nina Volkswagen T3 ya 1988, zile kombi za kulala za Westfalia, paa linanyanyuka, ndani kuna jiko la gesi la plate mbili, sinki na kitanda, injini ni dizeli 1.6 ya tabo, iko nyuma. Niliichukua kwa mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuwa anaishi Lushoto, alikaa nayo kule miaka mingi na siku naichukua bodi ilikuwa safi mpaka fundi niliyeenda naye akashangaa. Sasa tangu niishushe Tanga ni kama mwaka na nusu tu, nakaa Raskazone karibu na maji, gari imebadilika kama mtu aliyerogwa. Kwanza ikatokea mistari ya kahawia ubavuni pale mabati yanapoungana, ile mistari ya wima, rangi ikavimba malengelenge, nikakwangua kwa ukucha ikabanduka chini kuna unga mtupu. Alafu kona za chini za kioo cha mbele, alafu pale kwenye mfuniko wa mafuta, na juzi nimeinua kiti cha abiria nikakuta sahani ya betri imetoboka, natazama mchanga wa uani kupitia kwenye gari yangu mwenyewe.

Na msije mkasema siitunzi. Naiosha kila Jumamosi na saa nyingine katikati ya wiki, nina kisima changu na pampu kwahiyo maji sio shida, napiga mpaka chini kabisa. Nikimaliza nalifunika lile turubai kubwa la bluu ili upepo wa bahari usiipate. Jirani ana pikapu ya zamani kuliko yangu, haioshi, inalala chini ya mwembe na kinyesi cha kunguru juu, na haina kutu ya maana. Hiyo ndo inaniuma zaidi kuliko vyote.

Fundi wa kwanza anataka kupiga lami nyeusi chini yote. Wa pili anasema oli chafu kila miezi mitatu basi. Wa tatu anataka kukata ubavu mzima abandike bati jipya, bei aliyotaja mke wangu kasema bora tuongezee tununue kiwanja.

Sasa swali, oli chafu au lami? Na hiyo mistari ya ubavuni nipake rangi tu? Tumewaahidi watoto Mikumi mwezi wa saba, leo ni mwezi wa nne na masika ndo inakolea.

Dereva_Mkonge

Oli chafu mkuu usipoteze hela. Lori la mzee wangu lina miaka zaidi ya 30, chini linapigwa oli chafu tangu niko shule ya msingi na mpaka leo linabeba mkonge. Fundi wa pili ndo kakwambia ukweli.

Mwana_wa_Kisauni

Kaka hayo maji ya kisima chako ushawahi kuyaonja?

FundiBati_Gerezani

Habari mwenye uzi. Mimi ni fundi bodi, nanyoosha na kupiga rangi miaka 19 sasa, ntaongea kirefu kidogo.

Ndugu hapo juu wa mkonge simkatalii, ila anafananisha tembo na paka. Chesesi ya lori ni chuma nene, milimita nyingi, kutu ikila milimita moja lori halijui hata kama limeguswa. Kombi haina chesesi ya namna ile, bodi yenyewe ndo chesesi, na bati lake ni kama milimita moja tu. Kutu ikila milimita moja pale umebaki na rangi, ndo hayo ya kuona mchanga. Alafu oli chafu imetoka kwenye injini na uchafu wake na asidi zake, inavimbisha mpira wa bushi na mipira ya breki, vumbi linaganda juu yake linakuwa keki, na mvua ikinyesha mafuta yanashuka kwenye kisima chako hichohicho. Siku ukitaka kuchomelea hiyo gari fundi akiwasha moto tu chini panalipuka moto, mimi nimeshaunguza nyusi kwa gari ya namna hiyo.

Lami nayo. Lami sio mbaya kama inaenda juu ya bati safi, kavu, lenye praima, yaani rangi ya msingi. Shida ni kwamba inapigwa juu ya kutu kwasababu mteja ana haraka na fundi ana njaa. Ikishakauka inakuwa ngumu, jiwe moja la barabarani linaifungua ufa, maji yanaingia nyuma yake na hayatoki tena. Gari inaonekana nyeusi nzuuri, siku ukigonga na bisibisi inazama mpaka kwenye mpini. Hizo ndo gari zinazonilisha mimi, kwahiyo nikikushauri usipige lami jua naongea dhidi ya tumbo langu.

Sasa mistari ya ubavuni. Kwenye T3 hiyo ni ugonjwa wa familia, kila mwenye T3 duniani anaujua. Mabati mawili yamekutana, katikati pakaachwa kamfereji, kiwandani wakajaza kama mpira fulani hivi wa kuziba kisha rangi juu. Miaka ikipita ule mpira unakauka, unasinyaa, unaachia pembeni, maji yanaingia kwenye mfereji. Na kutu ikizaliwa inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara kadhaa, ndo maana unaona mshono umevimba, sio rangi iliyovimba ile, ni kutu inasukuma kutoka ndani. Ukipaka rangi juu umefunga mlango mwizi akiwa chumbani.

Kazi yake iko hivi. Unachimbua ule mpira wote wa zamani, wote, hata pale unapoonekana mzima. Tumia kisu chembamba au kipande cha msumeno wa chuma, grainda usiipeleke mle kwa pupa utakonda bati. Brashi ya waya mpaka chuma kinang'aa. Pale kwenye vitundu vidogo ambapo brashi haifiki ndo unapaka dawa ya kutu, ile yenye asidi ya fosfori, inageuza kutu iliyobaki kuwa nyeusi na ngumu. Lakini sikiliza, dawa hiyo haili kutu inayomeguka kama biskuti, hiyo lazima itoke kwa mkono. Ikikauka, praima ya epoksi ile ya kuchanganya makopo mawili, koti mbili. Alafu mpira mpya wa kuziba mishono ya bodi, wa poliyurethani. Silikoni ya bafuni hapana, ile yenye harufu kama siki ndo kabisa, siki yake yenyewe inakula chuma na rangi haishiki juu. Mwisho ndo rangi. Na nyuma ya mshono huohuo, kwa ndani ya gari, nta.

Ubavu mzima usikate kwanza. Toa kabati la jiko uone kwa ndani pakoje, kama bado bati ni zima unaweza kumaliza kwa hela ya kawaida. Sahani ya betri hiyo kweli ni ya kukata na kuchomelea, na sio weldingi ya kawaida ya fimbo itatoboa zaidi, tafuta mwenye mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya mwembamba. Na kabla hajawasha, betri nje, mtungi wa gesi nje na masponji yote ya ukutani eneo lile nje.

Kombi_Raskazone

Asante sana fundi, nimeprinti kabisa.

@Mwana_wa_Kisauni kuonja sijawahi, ya kunywa tunanunua. Kwanini?

Mwana_wa_Kisauni

Nenda kaonje kisha urudi.

Kombi_Raskazone

Nimeonja. Yana munyu. Sio kama bahari lakini munyu upo, na sasa hivi mke wangu ananiambia ndo maana sabuni haitoi povu, eti alinishaambia mwaka jana.

Jamani inamaana nimekuwa naiosha gari na chumvi mwaka na nusu??

Mwana_wa_Kisauni

Mara mbili kwa wiki, kaka, na mpaka chini kabisa umesema mwenyewe 😂

Mie nakucheka lakini yalinikuta hayohayo. Nilikuwa na HiAce nzee nikiilaza Mombasa, ikioshwa kwenye kabanda ka kuoshea magari wanaovuta maji kisimani, nikadhani ni upepo wa pwani. Upepo una lawama yake, ila ule huleta kidogokidogo, maji ya kisima yaliyo na munyu yamwagwa ndoo kwa ndoo, tena kwa presha yaingia mahali upepo haufiki. Maji yakikauka chumvi yabaki. Na chumvi ya baharini wewe mtu wa Tanga waijua, ukiacha bakuli la chumvi ya mawe wazi jikoni usiku mmoja asubuhi i maji, kwasababu yavuta unyevu wa hewani yenyewe. Basi ile chumvi iliyo kwenye mshono wako yafanya vivyo hivyo, haihitaji mvua, hewa ya asubuhi yatosha. Chuma kikawa kimelowa siku zote na maji yenyewe ni ya chumvi ambayo hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni mambo ya umeme huo mdogomdogo.

Alafu juu yake waweka turubai. Hilo ndilo laniua. Umeiosha kwa chumvi, haijakauka, ukaifunika na plastiki isopumua, jua likapiga, ndani ya turubai imekuwa kama sufuria ya kupikia pweza. Joto na unyevu na chumvi pamoja, kutu haina haja ya kitu chengine. Jirani yako gari yake yalala chini ya mwembe, ina uchafu lakini yapigwa na upepo na yakauka. Yeye ni mvivu na uvivu wake umemfaa.

Maji ya mfereji, ya bomba la mji, ndo ya kuoshea. Kama hayatoki kila siku kinga ya mvua, masika ndo haya, weka mapipa. Mie hufanya hivi, nachukua ule mpira wa kumwagilia bustani wenye matundu, nauweka chini ya gari nafungua maji nakwenda kunywa chai, narudi nausogeza. Sio lazima presha. Presha kali yafungua mpira wa mishono uliokwisha kuchoka.

Bibi_Safari

Nipite hapa kama mwanamke pekee mwenye gari ya kulala kwenye huu uzi nadhani. Yangu sio T3 ni HiAce tuliyoikata paa lakini kutu ni kutu.

Wote mmeongelea nje. Nendeni ndani. Gari ya kulala inatengeneza maji yake yenyewe. Watu wanne mnalala mmefunga vioo kwasababu ya mbu, asubuhi mabati yanatiririka, hiyo ni pumzi yenu. Na jiko ndo balaa, gesi ikiungua inatoa maji, kilo moja ya gesi ya mtungi inatoa kama lita moja na nusu ya maji kwenda hewani, mimi niliambiwa sikuamini mpaka mwanangu wa kidato cha tano akanipigia hesabu ya kemia kwenye karatasi. Hayo maji yanaenda wapi? Yanaingia nyuma ya mbao za ukutani, yanakutana na bati la baridi, yanashuka mpaka chini kwenye mshono. Kwahiyo mwenye uzi mshono wako unaliwa pande mbili.

Ukitoa kabati kama fundi alivyosema utakuta labda sufi ya kioo ya njano, ile ya kuzuia joto. Hiyo kama imelowa itupe bila huruma, inakaa na maji kama nepi. Rudisha sponji lile lisilonyonya maji, la vitundu vilivyofungwa, na usilibane mpaka chini kabisa, acha nafasi maji yashuke na yatoke. Pika na paa likiwa juu na dirisha wazi, nunua neti badala ya kufunga vioo. Na ukirudi safari usiifunge gari siku hiyohiyo, fungua milango yote, toa magodoro, acha ipigwe na upepo.

Alafu chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji, pitisha waya. Yangu ya kushoto ilikuwa na maji nilipokuwa nakata kona nasikia chwa chwa kama dafu, nikadhani ni chupa imedondoka mahali.

Dereva_Mkonge

Mimi bado nasema oli chafu. Lakini sawa.

Mbongo_Hamburg

Salamu kutoka kwenye baridi. Huku hatuna upepo wa bahari wa namna hiyo lakini kuanzia Desemba barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na gari kila miaka miwili inaenda ukaguzi, mkaguzi anagonga chini kwa nyundo ndogo, akikuta kutu kwenye sehemu inayobeba uzito hupati stika. Kwahiyo wenye T3 huku ni kama waumini wa dini fulani, wanajua kila tundu.

Naongezea sehemu mbili tu ambazo hazijatajwa. Kwenye T3 angalia zile nyavu za kuingizia hewa ya injini, zile nyeusi nyuma ya madirisha ya nyuma juu. Maji na majani vinaingia humo vinashuka mpaka chini ya nguzo vinageuka udongo, na udongo wenye unyevu hauna tofauti na turubai. Toa nyavu, vuta uchafu wote. Kama umepaki chini ya miti utakuta na ndege wamezaa. Ya pili, kioo cha mbele, usijaze gundi pembeni ya mpira ukadhani umeziba, maji yatakuwa tayari yako chini ya mpira. Kioo kitoke, bati la pembeni lisafishwe, mpira mpya.

Na usisahau bomba za breki, zile nyembamba za chuma zinazokwenda nyuma. Bodi ikitoboka utaingiza mchanga, bomba la breki likitoboka ukiwa unashuka Lushoto habari ni nyingine. Zikiwa na magamba badilisha uweke za shaba iliyochanganywa na nikeli, hazipati kutu.

Habari ya nta: baada ya fundi kumaliza, ndani ya maboksi ya bodi, yaani yale ya chini ya milango, nguzo, ndani ya milango yenyewe, pulizia nta kwa mrija mwembamba wenye kichwa kinachorusha pande zote. Huku kuna grisi ya Mike Sanders inapashwa moto mpaka kama nyuzi 120 ndo inapulizwa, inaendelea kutambaa siku za joto inajaza nyufa. Watu huku wanasubiri kiangazi ili itambae, nyie huko kiangazi mnacho mwaka mzima, ila jua litaidondosha chini kidogo kwahiyo tandika boksi. Kuna zenye mafuta ya manyoya ya kondoo pia, Fluid Film na nyinginezo, hizo ni laini zaidi unarudia kila mwaka.

FundiBati_Gerezani

@Mbongo_Hamburg nyavu za hewa nilisahau kweli, ni hapohapo na mchanga wa Tanga. Umenikumbusha pia sahani ya betri: kilichoila sio bahari ni maji ya betri, asidi. Kabla ya kuchomelea osheni pale kwa magadi na maji mpaka iache kutoa povu, alafu betri ikirudi ikae kwenye sinia la plastiki.

Kwa asiyepata hizo nta za Ulaya, mimi natumia nta ya nyuki ya Tabora na oli MPYA ya injini. Kopo la nta ndani ya sufuria ya maji ya moto, nje ya nyumba, kamwe usiweke kopo moja kwa moja kwenye moto. Ikiyeyuka changanya na oli mpaka iwe kama uji mwepesi ikiwa ya moto, pulizia haraka kabla haijaganda. Sio ya kitaalamu kama ya kwenye makopo lakini ndani ya milango imenifaa. Chini ya gari usipake hiyo, vumbi litakaa.

Kombi_Raskazone

Wakuu nimerudi, wiki ya sita leo.

Nilitoa kabati la jiko mwenyewe na kijana mmoja. Sufi ya njano ilikuwepo, nimeikamua ikatoa maji, na Bibi_Safari nilikukumbuka kwa neno lako la nepi maana hata harufu ilikuwa hiyo. Bati nyuma yake lina kutu ya juujuu tu isipokuwa mshono mmoja karibu na tundu la kujazia maji, pale pametoboka vitundu vitatu kama vya sindano. Nyavu za hewa, kulia nimetoa kikombe kizima cha udongo na kushoto kiota, bila ndege. Mashimo manne kati ya yale ya kutolea maji yalikuwa yameziba.

Fundi wa MIG nimempata, kakata sahani ya betri na kale kaeneo ka vitundu vitatu, siku moja na nusu kazi imeisha. Mishono nimechimbua mwenyewe jioni baada ya kazi, ni kazi ya kijinga sana inachosha mgongo lakini ina utamu wake, mshono mmoja jioni moja. Mvua ilinichelewesha, nikawa nafanya chini ya banda la shule jirani wakati wa likizo. Praima imekaa, mpira umekaa, rangi haifanani na ile ya zamani kabisa, gari sasa ina mistari kama punda milia na watoto wanasema kwakuwa tunaenda Mikumi iache hivyohivyo. Bomba za breki moja tu ndo ilikuwa na magamba, nimebadilisha mbili.

Kioo cha mbele sijagusa, mpira mpya bado naufatilia. Lami sijapiga. Nta nimepika ya Tabora kama fundi alivyosema, jirani wa pikapu kaja kuuliza napika nini.

Maji naosha ya mvua, nina pipa mbili.

Mwana_wa_Kisauni

Mashaallah. Na pikapu ya jirani?

Kombi_Raskazone

Iko vilevile. Kunguru wapo.

Dereva_Mkonge

Mkuu hongera. Sasa lile turubai la bluu si huna kazi nalo tena? Mimi nipo Pongwe, banda la mbuzi linavuja.